Kabla ya Kulaumu RAM

Mjomba wangu alikuwa fundi redio kabla hajawa fundi kompyuta, na mpaka anastaafu hakuiacha tabia ya benchi la redio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kompyuta za mtumba zilipoanza kumiminika Tanga, vijana wengi wa Ngamiani waliingia kwenye ufundi kwa kubahatisha vipuri: toa hiki, chomeka kile, ikiwaka mtoze mwenyewe hela yako aende zake. Mjomba hakuwa na vipuri vya kubahatishia. Alikuwa na mita ya mshale ya siku nyingi, pasi ya kulehemu, na masikio ya mtu aliyezoea kusikiliza redio mbovu. Mimi nilikuwa mpwa wa kushika bisibisi na kufagia, halafu polepole nikaruhusiwa kupima.

Siku hizo wateja walikuja na jibu kabla ya swali: "Fundi, RAM imekufa." Kompyuta ikiganda katikati ya barua, ni RAM. Ikijizima na kujiwasha, RAM. Ikileta ile skrini ya bluu yenye Kiingereza cheupe ambacho hakuna aliyekisoma hadi mwisho, RAM hiyohiyo. Na tuhuma yenyewe haikuwa ya kijinga. Kila kitu ambacho prosesa inakifanyia kazi kwa wakati huo kimewekwa kwenye RAM, kwa hiyo biti moja tu ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja, programu inaweza kuanguka, faili likaharibika, au Windows yenyewe ikasusa. Tena RAM haihitaji hata bisibisi. Unabana vishikio viwili, unaichomoa, unaipangusa, unairudisha, na mara nyingi mashine inaamka. Mteja akiona hivyo mara moja, kuanzia hapo kila ugonjwa atauita RAM.

Kilichokuwa kikimuudhi mjomba ni kwamba umeme mbovu huleta dalili zilezile, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. RAM hutunza kumbukumbu kwa kuweka chaji ndogo mno katika vijikapasita visivyoonekana kwa macho. Chaji hizo zinavuja muda wote, ndiyo maana inabidi zijazwe upya kabla ya milisekunde 64 kupita. Volti inayoilisha RAM ikiyumba, chaji husomwa vibaya, na RAM isiyo na kosa lolote huonekana imerukwa na akili. SDRAM ya zile Pentium III ilitumia volti 3.3. DDR iliyofuata ilitumia 2.5, DDR2 ikashuka hadi 1.8, DDR3 hadi 1.5. Kadiri volti zilivyopungua, ndivyo nafasi ya kuyumba bila madhara ilivyozidi kuwa finyu.

Mjomba hakuwa na skopu ya kuona mawimbi ya umeme, lakini alishayasikia maisha yake yote. Redio ya kuchomeka ukutani, kapasita zake za kuchuja zikikauka, hunguruma nyuma ya sauti ya mtangazaji. Sababu ni kwamba mkondo geu wa ukutani haujanyooshwa sawasawa. Mabaki yake yamepenya hadi kwenye spika. Siku moja aliniwekea mkono juu ya kasha la kompyuta iliyokuwa ikijizima ovyo, akaniambia, "Hii nayo inanguruma, bwana, ila inangurumia ndani."

Kauli ile niliielewa sawasawa siku tulipoletewa kompyuta ya shule moja ya bweni kutoka Lushoto.

Katibu muhtasi wa shule aliileta mwenyewe, imefungwa kwenye blanketi, ikashuka milima kwa basi. Maelezo yake yalikuwa safi kuliko ya wateja wengi wa mjini. Asubuhi akiiwasha inapiga mlio mrefu, inanyamaza, inapiga tena, hivyo hivyo bila kukoma, na kioo hakionyeshi kitu. Anaizima na kuiwasha tena na tena. Ikifika saa nne hivi inakubali, na ikishakubali inafanya kazi mpaka jioni bila shida. Mafundi waliotangulia walikuwa wameshabadilisha RAM, kisha wakabadilisha ile waliyoibadilisha. Na huwezi kuwalaumu sana: kwa BIOS nyingi za wakati ule, zile programu za kuamsha kompyuta, mlio mrefu unaojirudia ulimaanisha RAM, na imeandikwa hivyo kwenye vitabu vya mazabodi.

Tukaiweka mezani, tukaichomeka, ikawaka kwa mguso wa kwanza. Tukaizima, tukaiwasha. Ikawaka. Dada wa watu akawa kama mtu aliyempeleka mtoto hospitali kwa homa, akafika mlangoni mtoto akaanza kucheza. Mjomba hakumcheka. Alivuta kigoda akakaa, akamuuliza:

"Asubuhi ofisini kwenu kuna baridi?"

"Mzee wangu, mwezi wa saba huu! Tunaingia na makoti."

"Na usiku mashine mnaizima kwa kitufe, au mnaichomoa kabisa ukutani?"

"Tunachomoa. Mkuu wa shule ameagiza kila kitu kichomolewe, anaogopa radi."

(Mkuu wa shule alikuwa sahihi. Radi za Usambara si za mchezo.)

Mjomba aliifungua pawa saplai. Kwanza aliichomoa, akaiacha, kisha akazigusisha kapasita kubwa mbili za upande wa kuingilia umeme na nyaya za balbu ya taa ili kumaliza chaji iliyobaki. Hilo hakuliruka hata siku moja, hata duka likiwa limejaa watu. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa unakuwa na kilele cha volti 325 hivi, na kapasita hizo zinaweza kuukalia baada ya waya kuchomolewa. Balbu ilimulika kidogo, ikafifia. Ndipo akanionyesha upande wa pili, upande wa kutokea. Kapasita tatu karibu na nyaya nyekundu, zile za volti 5, vichwa vyake havikuwa bapa tena. Vilituna kidogo, na kimoja kilikuwa na ukoko wa kahawia kwenye ule mchoro wa msalaba unaochongwa juu ili kapasita ipasukie hapo badala ya kulipuka kama fataki.

Alichofanya baada ya hapo hakimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Alinituma kwa jirani aliyekuwa akiuza barafu za mifuko. Pawa saplai ikiwa imechomolewa, akailaza mifuko miwili ya barafu juu ya zile kapasita za upande wa kutokea, mbali na zile kubwa, akanywa kahawa yake taratibu. Kisha akaiondoa, akafuta unyevu kwa kitambaa mpaka pakakauka, akaunganisha mashine, akawasha. Ikapiga mlio mrefu. Ikanyamaza. Ikapiga tena.

"Ndiyo hiyo!" katibu muhtasi alisimama. "Ndiyo hiyo hasa!"

Akaichomoa tena. Safari hii akanituma saluni nikaazime draya ya nywele. Akazipulizia hewa ya moto kapasita zilezile mpaka zikapata joto, akawasha, mashine ikawaka bila kulalamika. RAM ilikuwa ileile, haikuguswa. (Haya asiyajaribu mtu asiyejua upande upi wa pawa saplai unaua.)

Sababu yake haina uchawi. Kapasita ya aina ile ina majimaji ndani yake, na majimaji hayo ndiyo yanayopitisha umeme. Yakipungua kwa kukauka, ukinzani wa ndani hupanda. Yakipoa, hupanda zaidi. Kapasita nzima huvumilia baridi ya Lushoto bila wasiwasi. Iliyokauka nusu inashindwa kuchuja asubuhi, volti zinazoingia kwenye mazabodi zinakuwa na mawimbi, BIOS inaandika kitu kwenye RAM na kusoma kingine, nayo inapiga mlio wa RAM kwa sababu huo ndio mlio pekee ulioandikiwa hali hiyo. Kila katibu muhtasi alipoiwasha na kuizima, alikuwa akiipasha joto pasipo kujua. Nasi Tanga, kwenye joto letu la pwani, tungeweza kuipima hadi Idi bila kuuona ugonjwa.

Tangu hapo swali la kwanza dukani halikuwa "Ina nini?" bali "Saa ngapi?" Mjomba aliniandikisha kwenye daftari: saa ya tatizo, nini kingine kimewashwa, hali ya hewa. Wateja waliona tunawapotezea muda. Lakini mashine inayogoma asubuhi ya baridi, inayojizima mchana wa joto, na inayojiwasha upya jioni tu, hizo ni mashine tatu zenye magonjwa tofauti, hata kama zote zimeandikiwa "RAM" kwenye kikaratasi.

Ya jioni ilikuwa ya steshenari moja mkabala na shule ya sekondari. Kuanzia magharibi ilikuwa ikijiwasha upya, na mhudumu alishapoteza mitihani ya walimu wawili. Fundi mwingine alibadilisha RAM, kisha akaamua Windows ndiyo mbovu, akaanza kuiweka upya. Katikati ya kunakili faili ikakataa, akasema sidii imechanika. Hili ni jambo la kukumbuka: faili likisomwa kutoka kwenye sidii, likapitia kwenye RAM inayoyumba, likafika limeharibika, Windows italalamika kuhusu faili, na mtu atailaumu sidii. Mjomba alikwenda na mita yake saa moja jioni. Kwenye soketi, mita ilisoma volti 180. Nyumba zote za mtaa zilikuwa zimewasha taa, pasi na televisheni. Na nyuma ya ukuta, kwenye waya uleule, kulikuwa na friji la soda. Kompresa ya friji ilipoanza tu, mshale wa mita uliinama, na kompyuta ikajiwasha upya mbele ya macho yetu.

Pawa saplai ya kompyuta imeundwa ivumilie pengo dogo la umeme, lisilozidi milisekunde 16 hivi, kwa akiba iliyomo kwenye zile kapasita kubwa mbili. Akiba hiyo hupungua kwa mraba wa volti: kwenye 180, unabaki na kama asilimia 60 ya ile ya 230. Kapasita zenyewe zikiwa zimezeeka, kinachobaki hakitoshi hata kuvuka mshtuko wa friji. Mchana, soketi ikiwa na volti zake kamili, mashine haikuwa na neno. Tulibadilisha kapasita mbili. Friji likabaki palepale, na kompyuta ikaacha kujiwasha upya.

Kuhusu kapasita, enzi ile ilikuwa na bahati mbaya yake. Kuanzia mwaka 1999 hivi hadi katikati ya muongo uliofuata, kapasita nyingi mbovu, hasa zilizotengenezwa Taiwan, zilisambaa kwenye mazabodi na pawa saplai za kampuni nyingi duniani. Majimaji yake yalikuwa na maji mengi bila kemikali za kutosha za kuyazuia yasiile alumini, hivyo gesi ya hidrojeni ilijaa ndani na kutunisha vichwa. Ulienea uvumi kwamba mtu aliiba fomula ya Kijapani akaikosea. Huo ni uvumi. Kwetu uzito wa jambo ulikuwa mwingine: kompyuta za ofisi za Ulaya za miaka 2002 hadi 2005 zilipostaafishwa na kupakiwa kwenye makontena, zilikuja na kapasita hizo. Tulikuwa tunanunua mashine ambayo ugonjwa wake ulishaanza baharini.

Kapasita za kubadilishia zilikuwa shida kuzipata. Vijana walichukua za redio, kwa sababu namba zinafanana: maikrofaradi 1,000, volti 16, inaonekana ni kitu kilekile. Sivyo. Kwenye redio ya umeme kapasita huchuja mawimbi 100 kwa sekunde. Pawa saplai ya kompyuta huwasha na kuzima umeme makumi elfu ya mara kwa sekunde, na kapasita ya kawaida haikimbii kasi hiyo. Hupata moto na kufa baada ya miezi michache. Inatakiwa yenye ukinzani mdogo wa ndani, iliyoandikwa nyuzi 105 wala si 85. Tuliagiza kutoka Kariakoo kwa dereva wa basi, na alipokosa, mjomba alizing'oa kutoka kwenye mazabodi zilizokufa kwa sababu nyingine.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya kufua umeme, mgao ukawa wa nchi nzima, na duka letu likajaa. Si mashine zote zilikuwa zimepigwa na umeme unaporudi. Kundi kubwa lilikuwa na tatizo la kimya zaidi. Pawa saplai ya ATX hailali hata kompyuta ikizimwa. Waya wake wa zambarau hubaki na volti 5 za kusubiri, ili ukigusa kitufe pawe na umeme wa kuisikia amri yako. Kisehemu kinachozalisha volti hizo kinafanya kazi usiku na mchana kwa miaka, chenye joto lake na kapasita yake ndogo inayokauka pole pole. Kikiwa kimeshawaka kinaendelea. Umeme ukikatika kikapoa, hakina nguvu ya kuanza tena. Ofisi ilikuwa inafunga mashine nzima Ijumaa na kuikuta maiti Jumatatu, nao wakiapa kwamba umeme uliirudia kwa kishindo. Kapasita moja ya maikrofaradi 22 au 47, bei yake haitoshi soda, ndiyo iliyokuwa imeisha.

Ndipo mjomba akanifundisha kupima kwa mpangilio, na mpangilio huo bado ndio wangu. Kwanza waya wa zambarau: volti 5 zipo kabla hujabonyeza chochote? Kama hazipo, usiiguse RAM, wala mazabodi. Kisha wa kijani, ambao mazabodi huuvuta chini kuiambia pawa saplai iwake. Halafu nyaya za kazi, mzigo ukiwa umeunganishwa: njano 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, kila moja ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5 tu. Njano ikisoma 11.2 ni mbovu, hata kama feni inazunguka kwa mbwembwe. Mwisho waya wa kijivu, ambao wengi hawaujui. Kwa huo pawa saplai huiarifu mazabodi kwamba volti zimetulia, kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya kuwaka. Ukichelewa au usipokuja, prosesa haianzi kabisa: feni zinazunguka, taa inawaka, kioo cheusi. Na mteja atasema nini? RAM.

Nasisitiza mzigo kwa sababu pawa saplai ikiwa tupu mezani, waya wa kijani umeunganishwa na mweusi kwa kipande cha waya, hudanganya vizuri sana. Nimeona ikisoma 12.1 tupu na kuanguka chini ya 11 ilipopewa diski mbili na prosesa. Mita nayo ina upofu wake, maana inaonyesha wastani. Mawimbi yaliyomo ndani haiyaoni. Kwa hiyo kama volti ni nzuri lakini mashine bado haieleweki, mjomba aliunganisha pawa saplai nyingine aliyoiamini, akaacha kila kitu kingine kama kilivyo. Kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Fundi aliyebadilisha pawa saplai na RAM kwa pamoja, mashine ikapona, hajui alichotibu, na mteja amelipia viwili.

Jaribio nililolipenda kuliko yote lilikuwa la bure. Mashine haionyeshi kitu: unatoa RAM zote, unahakikisha kispika kidogo kimeunganishwa, unawasha. Ikipiga kelele kwamba haina RAM, umeshajua mengi. Prosesa inafanya kazi, BIOS inasomeka, mazabodi iko hai, na umeme wa kutosha kuifikisha hapo upo. Ikikaa kimya, tatizo liko nyuma ya RAM. Wateja walishangaa tukifurahia kelele.

Nisionekane naitetea RAM kupita kiasi. Tanga ni pwani, na hewa ya chumvi inakula migusano. RAM nyingi tulizoziponya hazikuwa zimeharibika, zilikuwa na utando mwembamba kwenye meno yake. Dawa ilikuwa ufutio laini mweupe, usugue kwa kufuata urefu wa jino ukielekea nje, kisha spiriti kidogo kwa brashi kuondoa mabaki, na sloti ipulizwe vumbi lake. Ule ufutio mgumu wa kufutia wino una mchanga ndani. Unakwangua dhahabu, na baada ya muda tatizo linarudi likiwa halina dawa.

RAM iliyokufa kweli tuliijua kwa Memtest86, programu ambayo Chris Brady aliianza mwaka 1994. Ilikaa kwenye disketi moja, ikawaka yenyewe bila Windows, ikaandika na kusoma kila chumba cha RAM kwa mitindo tofauti. Tuliiacha ifanye kazi usiku kucha ikiwa na umeme wa uhakika. Kilichonivutia si kwamba inaonyesha makosa, bali mahali inapoyaonyesha. Anwani ileile ikirudi kila mzunguko, na ukiihamisha RAM kwenye sloti nyingine kosa linaifuata, basi hapo kuna chumba kilichokufa na hakuna ufutio utakaokifufua. Makosa yakitangatanga, leo huku kesho kule, nilirudi kwenye umeme, joto na migusano kabla ya kumwambia mtu anunue chochote. Makosa yakibaki kwenye sloti ileile ukibadilisha RAM, mazabodi ndiyo yenye kesi.

Kulikuwa pia na zile ndoa mbaya: RAM mbili, kila moja ikiwa peke yake ni nzima, zikiwekwa pamoja mashine inaganda. Mara nyingi moja ilikuwa ya megahezi 133 na nyingine ya 100, au muda wake wa kujibu ulitofautiana, na BIOS ikachagua mwendo ambao mmoja haumudu. Unaingia BIOS, unashusha mwendo, zinaelewana. Muuzaji wa vipuri hakuwahi kupenda suluhisho hilo.

Kompyuta zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani hazikuhitaji uchunguzi mrefu. Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa kwenye 115, umeme unaoingia huongezwa mara mbili ndani. Ukiichomeka kwenye 230 yetu, kapasita mbili zilizoundwa kwa volti 200 kila moja zinapewa zaidi ya 300. Kishindo kilisikika hadi barabarani, kikafuatwa na moshi mweupe. Mara nyingi fyuzi, daraja la dayodi na kapasita ndizo zilizokufa, RAM ikapona. Mwenyewe alikuwa na hofu ya kumpigia simu shemeji aliyeileta.

Siku hizi mimi ndiye ninayekaa kwenye benchi, na mashine zimebadilika. Mtumba wa sasa ni zile kompyuta nyembamba za ofisi zenye prosesa za Core, na nyingine zaidi zinakuja tangu Microsoft ilipositisha huduma ya Windows 10 Oktoba 2025. Kapasita zake kwenye mazabodi ni za aina kavu, hazitunishi vichwa ovyo. Lakini nyingi zina pawa saplai ya umbo lake peke yake na plagi yake peke yake, inayotoa volti 12 tu; volti 5 na 3.3 zinatengenezwa kwenye mazabodi yenyewe, na ya RAM vilevile. Ile ATX ya kawaida ya dukani haiingii wala haiunganiki. Kijana anayenisaidia, mtoto wa dada yangu, aliniuliza wiki iliyopita kwa nini bado nanunua kapasita za nyuzi 105 kwa mifuko wakati wenzetu wanauza pawa saplai nzima. Nilimkabidhi moja ya hizo nyembamba, iliyoletwa na kikaratasi kimeandikwa RAM, nikamwambia aende mjini akaitafutie pawa saplai ya kubadilishia. Alirudi jioni mikono mitupu, akawasha pasi ya kulehemu.